Nyuzi nne za baba, na mtoto wa kilo moja na nusu

SEHEMU YA 1: "GITAA LA MTOTO"

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya halafu mnamtumia mke.

Wiki iliyopita niliweka hapa kile kivideo nimekaa kitandani, mtoto kifuani ndani ya kitenge, nacharaza kigitaa kidogo. Nikajua mtaniuliza habari za njiti. Wapi! Ujumbe umejaa swali moja tu: "Nesi, hicho kigitaa ni kitu gani, na nyuzi zake unapata wapi?" Na wawili mmeniambia mmeletewa na ndugu kutoka ng'ambo, mkaweka nyuzi, zikakatika. Basi leo nakaa naeleza yote, maana aliyekosea wa kwanza ni mimi. Ni ndefu. Anayenyonyesha ashike simu kwa mkono mmoja, twende taratibu.

Kile si gitaa la mtoto. Ni ukulele, na katika ukoo wa ukulele ile ndiyo kubwa, inaitwa baritoni. Mnazoziona sana kwenye mitandao ni zile ndogo, sauti yake kali kama kengele. Asili yake ni Hawaii. Mwaka 1879 Wareno kutoka kisiwa cha Madeira walifika Honolulu kwa meli iitwayo Ravenscrag, wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na wakaja na vigitaa vyao vya nyuzi nne. Miongoni mwao walikuwemo mafundi seremala, ndio walioanza kutengeneza ukulele huko. Baritoni ni mdogo wao wa mwisho kwa kuzaliwa ingawa ndiye mwenye mwili mkubwa: alitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na mtangazaji mmoja maarufu wa redio na televisheni huko, Arthur Godfrey, akamtangaza mpaka watu wakamjua.

Sisi Tanga ilitufikiaje? Baba yangu alikuwa baharia. Aliinunua kwa baharia mwenzake, akarudi nayo nyumbani kabla mimi sijazaliwa. Kila mtu mtaani aliiita gitaa la mtoto. Baba hakubishana. Jioni anakaa barazani, anaegemeza kigitaa tumboni, anapiga polepole, sisi tunalala mkekani mmoja baada ya mwingine. Sauti yake nzito, chini chini, wala haikuvuka ukuta wa jirani.

Alifariki mwaka 2016. Ukulele ikabaki inaning'inia ukutani kwa mama, imebaki na nyuzi mbili, na buibui ndani.

SEHEMU YA 2: NESI ALIPOLAZWA

Mnanijua mie ni nesi. Nimefundisha akina mama wengi namna ya kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Nimesema mara nyingi, "Mama, usiogope, hawezi kuvunjika." Siku yangu ilipofika, wiki ya 32, mtoto akatoka na kilo moja na nusu, niliogopa kumgusa.

Jamani, kujua si kuweza. Mikono iliyoshika watoto wa wenzangu miaka kumi ilitetemeka kwa wangu. Mwenzangu wa zamu, binti mdogo kwangu kwa miaka mingi, ndiye aliyenifungua kanga, akanilazia mtoto kifuani, akanifunga. Akaniambia, "Dada, leo wewe si nesi. Wewe ni mama. Kaa."

Nikakaa. Shirika la Afya Duniani linashauri njiti abebwe hivyo mapema kadiri inavyowezekana, saa 8 hadi 24 kwa siku. Saa hizo zote unafanya nini? Unamwangalia anavyohema. Unahesabu. Nesi ndiyo kabisa, anahesabu mpaka anajitia wazimu. Usiku wa tatu nikashindwa kuhesabu, nikaanza kuguna kale kawimbo ka baba. Bila maneno, mdomo umefungwa. Nikahisi mgongo wa yule mtoto umelegea chini ya kiganja changu.

Sisemi ni muujiza. Kifua kinapoguna kinatetema, na mtoto yuko juu yake, anausikia mtetemo huo. Tena sauti nzito ndizo zinazopita vizuri zaidi mpaka tumboni kabla hajazaliwa, kwa hiyo si ngeni kwake. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilitoa utafiti wa Marekani uliofanyika kwa njiti 272 katika hospitali 11: wimbo wa kubembeleza uliochaguliwa na wazazi wenyewe, ukaimbwa hapo hapo na si kupigwa kwenye spika, ulisaidia utulivu wa mtoto, na wasiwasi wa wazazi nao ulipungua. Hilo la mwisho ndilo nalishika mimi.

Ila muelewe, ukulele sikuipeleka wodini. Chumba cha njiti kinatakiwa kiwe kimya. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kelele zisizidi desibeli 45, na hiyo ni chini ya maongezi ya kawaida. Halafu chombo cha ukutani chenye buibui hakiingii pale hata kidogo. Wodini ni sauti yako tu, chini chini.

Tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, si kwa mtoto, kwangu. Sikulala hata mtoto alipolala. Chakula kilinishinda. Binti yangu mkubwa, ana miaka mitano, akiniita naitika bila kumwangalia. Nikiwa peke yangu nalia, akiingia mtu nafuta. Baba watoto anauliza, "Unaumwa nini?" Nasema uchovu. Mimi ninayebandika bango la dalili za sonona baada ya kujifungua, dalili zangu sikuziona!

Mama yangu alikuja kunisaidia kazi, na ndani ya kapu la ndizi na samaki wakavu alikuwa ameilaza ukulele ya baba. Akasema, "Baba yako alikuwa akikuona umenuna anapiga hii. Mimi siwezi kupiga. Piga mwenyewe."

SEHEMU YA 3: NILIVYOIVUNJA

Hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Nilienda dukani, siwataji, nikaomba nyuzi za gitaa. Muuzaji hakuuliza gitaa gani, na mie sikueleza. Akanipa pakiti, nikalipa, nikarudi. Zilikuwa nyuzi za chuma. Nikazifunga nne, nikakaza huku natazama programu ya simu mpaka ikaonyesha kijani. Ililia vizuri siku moja. Inang'aa, ina kelele, mtoto anashtuka. Nikasema atazoea.

Usiku wa pili tumelala tukasikia KAAH! Mtoto akaruka, binti akalia. Taa ikawashwa. Kile kibao kidogo kilichogundishwa tumboni mwa ukulele, ambapo nyuzi zinafungwa, kilikuwa kimeng'oka nusu, kimeinuka na ngozi ya mbao.

Nilikaa chini sakafuni nikalia kilio ambacho sikulia msibani. Baba watoto akadhani nalilia gitaa. Mama yangu alisimama mlangoni, hakusema neno, akaja akamchukua mtoto.

Asubuhi akaniambia mambo mawili. Kwanza: "Nenda kwa fundi." Pili: "Na wewe mwenyewe nenda kwa daktari wako."

Nilikwenda kote kuwili. Hilo la pili naliandika kwa herufi za kawaida tu, maana ni la kawaida: nilipimwa, nikaanza kuongea na mshauri, nikasaidiwa. Ukulele haikunitibu sonona. Watu walinitibu. Ukulele ilinipa kitu cha kufanya na mikono wakati natibiwa. Mama unayesoma hapa, machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na huondoka yenyewe. Yakipita wiki mbili, au ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri hata hizo wiki mbili, mwambie mtu na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa kwa fundi. Ni mzee, amepiga gitaa bendi za dansi ujana wake wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hee! Nani kaikaba hii?"

"Mimi, mzee."

Akazigusa zile nyuzi za chuma kwa kucha, akatikisa kichwa. "Hii ni ya nyuzi laini. Tumbo lake ni jepesi, halina mbavu za kubeba chuma. Wewe nesi, mtoto unaweza kumpa dozi ya mtu mzima?"

Nikanyamaza. Alinipata.

Akaigundisha kwa gundi ya mbao, akaibana, akaniambia nisiiguse siku tatu. Na hizo siku tatu nilirudi kila jioni, mtoto kifuani, kujifunza nyuzi. Yafuatayo nimeyapata kwake, na mengine nimeyahakiki mwenyewe kwa kusoma na kwa kujaribu.

SEHEMU YA 4: NYUZI ZA KUCHAGUA

Kanuni ya kwanza, iandikeni kwenye friji: UKULELE HAIWEKWI NYUZI ZA CHUMA TUPU. Mvuto wake ni mkubwa mno, utang'oa kibao au utapinda shingo. Ukiona uzi mwembamba unaong'aa kama waya wa sufuria, rudisha pakiti.

Ukulele baritoni ina nyuzi nne. Ukiishika kupigia, ule ulio juu karibu na kidevu ndio mzito kuliko zote. Kutoka huo kushuka, zinaitwa D, G, B, E. Programu ya simu itakuandikia D3, G3, B3, E4. Mwenye kujua gitaa ameshatabasamu: ni nyuzi nne za chini za gitaa la kawaida, hizo hizo. Ndiyo maana mtu wa gitaa akipewa baritoni anapiga siku hiyo hiyo.

Nyuzi zake zipo za aina hizi:

1. Nailoni. Laini kwa kidole, sauti ya joto, tulivu. Inavutika sana siku za mwanzo. Utaiweka sawa asubuhi, mchana imelegea. Usikasirike, ndivyo ilivyo. Baada ya siku kadhaa inatulia.

2. Florokaboni. Ni nzito kwa ujazo kuliko nailoni, kwa hiyo uzi mwembamba zaidi unatoa sauti ile ile. Inalia kwa uwazi na haivutiki sana. Hii ni jamii moja na ule mshipi wa kuvulia usioonekana majini, na kweli wapo wapigaji wanaonunua mshipi wa florokaboni wakakata vipande. Kaka yangu mvuvi aliposikia hivyo alinicheka wiki nzima: "Baba alitoka baharini na gitaa, wewe unalirudisha baharini."

3. Zilizoviringishwa. Ndani ni nyuzi laini, nje zimezungushiwa waya mwembamba sana. Hizi zinaruhusiwa, msizichanganye na chuma tupu. Pakiti nyingi za baritoni zinakuja na D na G za aina hii, na B na E laini. Sababu ni kwamba ukulele ni fupi. Sauti nzito kwenye chombo kifupi inataka uzi mzito, na ukitumia nailoni tupu kwa D unapata kitu kinene kama kamba ya viatu, kinalia "dup".

Sasa, pakiti ya baritoni mjini kwetu sikuipata. Fundi akanipa njia ya pili, na ndiyo ninayotumia: nunua pakiti ya gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni. Zimo sita. Weka pembeni mbili nzito zaidi, ya 6 na ya 5. Chukua ya 4, ya 3, ya 2 na ya 1. Hizo ndizo D, G, B, E zako. Unene wa zile tatu laini ni karibu milimita 1 kwa G, 0.8 kwa B na 0.7 kwa E, kwa hiyo hata ukiuliza dukani unaweza kutaja kipimo.

Kuna jambo moja tu. Gitaa la klasiki, kutoka pale uzi unapoanzia kulia mpaka unapoishia, ni kama sentimita 65. Baritoni ni kama 48 hadi 51. Uzi ule ule, sauti ile ile, kwenye chombo kifupi unakuwa umelegea: mvuto unabaki kama asilimia 60 tu ya ule wa kwenye gitaa. Kwa hiyo kwenye pakiti tafuta maandishi ya mvuto mkubwa, "hard" au "high tension". Ukichukua laini kabisa utapata nyuzi za kucheza kama lastiki, zinagonga shingo na kukwaruza.

Na ile G ya pakiti ya klasiki ni nailoni tupu, nene. Kwenye baritoni inatoa sauti ya kuziba kidogo. Mimi nimeizoea, mtoto hajalalamika. Ukipata G iliyoviringishwa, au ya florokaboni ambayo ni nyembamba zaidi, utasikia tofauti.

Wengine mtakutana na pakiti imeandikwa baritoni lakini ni G, C, E, A. Hizo ni za kuifanya baritoni ilie kama ukulele ndogo, nyuzi zake ni nyembamba makusudi. Zipo ambazo G yake ni nzito na zipo ambazo G yake ni ya juu, ile inayofanya mpigo uchezecheze. Ni sawa kabisa. Kosa ni kuchukua nyuzi za D, G, B, E ulizonazo na kuzikaza mpaka zifike G, C, E, A. Hapo unapanda hatua ndogo tano na mvuto unaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Aliyeniandikia kwamba nyuzi zinakatika, dada yangu, nahisi umefanya hivyo. Programu ya simu ilikuwa kwenye "ukulele" ya kawaida. Iweke kwenye baritoni, au iwe ya kuonyesha herufi yoyote.

Zibadilishwe lini? Ukiona waya umekuwa mweusi, umeota mikwaruzo pale unapobana, au hata ukiiweka sawa bado inalia kombo. Sisi wa pwani chumvi ya hewa na jasho vinakula waya haraka. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

SEHEMU YA 5: KULEGEZA KWA AJILI YA MAMA ALIYECHOKA

Hapa ndipo nilipopenda.

Nyuzi zikiwa D, G, B, E lazima mkono wa kushoto ujue kupanga vidole upate kodi. (Si ile ya TRA. Kodi ya gitaa, sauti tatu nne zinazolia pamoja.) Mama wa kichanga mkono wa kushoto anao? Umeshika kichwa cha mtoto, au umeshika chuchu, au umeshika chupa.

Fundi akachukua ule uzi wa mwisho, E, akaulegeza mpaka D. Basi. Uzi mmoja tu. Zikawa D, G, B, D. Akaniambia, "Piga bila kushika kitu." Nikapitisha dole gumba. Nyuzi zote zililia pamoja, zimekubaliana, kodi nzima ya G, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa mgongoni mwa mtoto.

Nilitokwa na machozi tena, lakini haya yalikuwa mengine.

Ukitaka kodi ya pili, laza kidole kimoja kukatisha nyuzi zote kwenye kichuma cha tano, hiyo ni C. Kichuma cha saba ni D. Nyimbo nyingi za kubembeleza zinahitaji hizo tatu tu, na nyingine zinatosha na moja. Wahawaii wenyewe wana ufundi wao wa gitaa wa kulegeza nyuzi mpaka zilie kodi bila kushikwa. Hatujabuni sisi. Ila nadhani waliobuni walikuwa wamechoka kama sisi.

Njia ya pili ni kushusha zote kwa pamoja. Sauti yangu ni ya chini, na baada ya kujifungua na kulia na kutolala ikawa ya chini zaidi. Nikiimba kwenye G nabana koo, na mtoto anahisi mama amekaza mwili. Nikashusha kila uzi toni moja: C, F, A, D. Maumbo ya vidole ni yale yale, ila wimbo umenishukia nilipo. Ukitaka na mkono wa kushoto uwe huru, shusha ule wa mwisho tena mpaka C: C, F, A, C. Hiyo ndiyo mliyoisikia kwenye video.

Kushusha toni moja kunapunguza mvuto kwa kama moja ya tano. Chombo hakiumii, kinapumua. Lakini nyuzi zilizokuwa laini tayari zitaanza kukwaruza, ndiyo maana nasisitiza mvuto mkubwa unaponunua. Kupandisha ndiko kwenye hatari. Unapojaribu, kumbukeni: kulegeza ni ruhusa, kukaza ni kwa kuuliza.

SEHEMU YA 6: KASETI

Nilimtumia kaka yangu kipande cha kwanza nilichorekodi. Akakaa kimya siku nzima. Kisha akaja nyumbani na kaseti. Baba anapiga, sisi watoto tunapiga kelele nyuma, na jogoo yumo.

Tukatafuta redio ya kaseti kwa jirani. Nikaweka simu na programu karibu na spika. Unajua ilionyesha nini? C. F. A. D. Toni moja chini, nyuzi zote, sawasawa na nilivyoshusha mie bila kujua.

Nilimkimbilia fundi kumwambia baba naye alishusha. Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, kaseti ya zamani, redio ya zamani, mota imechoka. Inazunguka polepole, na sauti inashuka. Huenda baba yako alikuwa D, G, B, E kama watu wote."

Nilinuna njia nzima. Nilitaka iwe ya baba. Nilipofika, mama yangu alikuwa amempakata mtoto, nikamwuliza, "Mama, baba alikuwa anashusha nyuzi?" Akasema, "Mimi nitajuaje? Mimi nilikuwa nalala."

Basi ndiyo hivyo. Sitajua. Ninachojua ni kwamba alipiga na sote tukalala, mpaka mama.

Kabla sijafunga, nivae sare dakika moja:

- Ukibadilisha nyuzi, vipande vyote vilivyokatwa vihesabu na vitupe nje. Mtoto wa kutambaa atavitia mdomoni, na ncha ya waya inachoma.
- Uzi mwembamba, hata unywele wako, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha kichanga na kukaza hadi damu isipite. Mtoto analia hatulii na hujui sababu? Mvue soksi, angalia vidole vyote vya mikono na miguu, na sehemu za siri pia. Ukiona kidole kimevimba, chekundu, kina mstari, na uzi umezama, nenda hospitali mara moja.
- Usipige karibu na sikio lake. Kama unasikia inapita ukutani, ni kubwa mno.
- Mtoto akilala, mlaze chali kitandani mwake. Ukulele irudi ukutani, isilale naye.
- Usiiache juani wala ndani ya gari. Gundi inalainika, na mnajua yangu iliishia wapi.

Mtoto sasa ana miezi minne, kilo tano na kitu, mashavu kama andazi. Kibao cha ukulele kina kovu la gundi, linaonekana ukikaribia. Fundi alitaka kulipaka rangi, nikamkataza.

Jana usiku nilikuwa nimechoka, nikalala mapema. Nikashtuka nikasikia nyuzi. Binti yangu wa miaka mitano amekaa kwenye mkeka, ukulele imemzidi, anapitisha dole gumba juu ya zile nyuzi nne bila kushika kitu, mdogo wake anamtazama. Imelegezwa, kwa hiyo hakuna namna ya kukosea.

Nikafumba macho, nikajifanya bado nimelala.

Nesi wenu. Mwenye swali la nyuzi aulize, mwenye swali la mtoto aulize zaidi. Na mwenye kujisikia kama nilivyojisikia mimi mwezi ule, aniandikie pembeni, tutaanzia hapo.